Gesi haifiki mwisho wa mwezi, na nyumba bado ni baridi

Mpendwa Mshauri,

Hujambo? Mimi ni mama wa watoto watatu, kitinda mimba ana miaka 2, na tunaishi na mama mkwe. Tangu mume wangu apunguziwe saa za kazi, kinachoingia ni karibu nusu ya zamani, na msimu wa baridi ndiyo kwanza umeanza. Nyumba ni ya kupanga, madirisha ya kioo kimoja. Hita yetu ni ya wati 2,000. Tunaiwasha saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, halafu tunaiteremsha hadi wati 800 ikeshe mpaka saa 12 asubuhi. Mtungi wa gesi uliokuwa ukitufikisha mwezi sasa unaisha wiki ya tatu. Maharagwe yanakaa motoni masaa matatu na bado magumu, kwa hiyo tumeyaacha. Tunanunua vya kula haraka, kidogokidogo kila siku, na hapo ndipo pesa ya chakula inapozidi kupotea.

Ushauri ninaopewa unagongana. Jirani anasema tuingize jiko la mkaa ndani usiku, dirisha tuliache wazi kidogo. Mwingine anasema hita ikiachwa kwa moto mdogo kutwa nzima inakula umeme mdogo kuliko kuiwasha na kuizima. Shemeji ameona tangazo la kihita kidogo kinachokata bili kwa nusu. Mama mkwe yeye anasema tatizo liko jikoni, si kwenye hita. Nianzie wapi?

Mama Watoto Watatu

* * *

Dada yangu, pole na majukumu.

Tuanze na jiko la mkaa, maana hilo halihusu pesa. Usiliingize ndani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata pale makaa yanapoonekana yametulia bila moshi. Hewa hiyo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Aliyelala haamshwi na kikohozi wala kukabwa, anazidi tu kuzama usingizini. Dirisha lililofunguliwa kidogo halimwokoi mtu. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakisikia kichefuchefu na kizunguzungu kwa pamoja, watoeni nje kwanza, maswali baadaye. Jiko la gesi nalo ni la kupikia tu, lisiwashwe ili kupasha chumba joto.

Kihita cha shemeji hakitawasaidia. Kila hita ya umeme, ya bei kubwa au ndogo, hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Ya wati 400 inatoa joto la wati 400, basi. Bili itashuka kwa sababu chumba kitakuwa baridi zaidi, na hilo mnaweza kulipata bure kwa kuzima mliyonayo. Aina za hita zinatofautiana kwa namna joto linavyokufikia: yenye nyaya nyekundu humpasha aliyeketi mbele yake hata chumba kikiwa baridi, ya feni huchangamsha hewa upesi, ya mafuta huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Kifaa pekee kinachovunja hesabu hii ni kiyoyozi chenye uwezo wa kuleta joto, kwa sababu chenyewe hulihamisha joto kutoka nje badala ya kulitengeneza. Uniti 1 ya umeme inaweza kuleta joto la uniti 3 hivi. Kama nyumba ya kupanga inacho ukutani na hamkijui kitufe chake, tafuteni kitabu chake leo.

Kuhusu moto mdogo kutwa nzima, jirani huyo wa pili amekosea. Nyumba hupoteza joto kwa kiasi cha tofauti kati ya ndani na nje. Nje kukiwa nyuzi 8 na ndani 20, tofauti ni 12. Mkiridhika na nyuzi 18, tofauti ni 10, na joto linalotoroka limepungua kwa sehemu moja katika sita. Chumba kilichozimwa mchana kinapoa, na kadiri kinavyopoa ndivyo kinavyopoteza kidogo zaidi. Umeme wa kukipasha upya jioni ni mdogo kuliko ule ambao ungemwagika nje kutwa nzima. Na kuzungusha kidhibiti hadi namba ya mwisho hakuharakishi chochote, kunaiacha tu hita ipitilize kiwango mlichokitaka.

Sasa hesabu yako. Wati 2,000 kwa masaa 4 ni uniti 8. Wati 800 kwa masaa 8 ni uniti 6.4. Jumla ni uniti 14.4 kwa siku, zaidi ya 430 kwa mwezi. Sehemu ya usiku ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, kwa sababu mnalipia kupasha hewa wakati watu sita wako chini ya blanketi.

Pasheni kitanda, si chumba. Chupa ya mpira ya maji ya moto ya lita 1.5 inahitaji takriban uniti 0.1 kuyapasha maji yake. Acha maji yaliyochemka yatulie dakika kama 10, jaza theluthi mbili tu, bana hewa itoke kabla ya kufunga, ivishe kitambaa, iweke kitandani nusu saa kabla ya kulala. Kila msimu ikunje mpira uangalie nyufa, ikiwa nazo itupe, kwa kuwa ndiyo inayopasuka na kuunguza mapaja. Kwa mtoto wa miaka 2, na kwa mama mkwe kama ana kisukari au ganzi miguuni, chupa itangulie kitandani na itolewe wanapoingia. Chini ya shuka pia kunahitaji kitu: godoro jembamba hupitisha baridi kutoka chini, na blanketi moja lililotandikwa chini ya mwili mara nyingi husaidia kuliko la tatu juu.

Lakini usizime kila kitu kwa ukali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa nyumba wa mwaka 2018, linataja nyuzi 18 kama kiwango cha chini cha joto la ndani kwa watu kwa ujumla msimu wa baridi, na wazee na watoto wadogo wanaweza kuhitaji zaidi. Kwa hiyo walazeni mama mkwe na mtoto mdogo katika chumba kimoja kidogo, mlango ufungwe, na kama kipimajoto kinashuka chini ya 18, hita ikeshe humo, ikijizima na kujiwasha kwa kidhibiti chake. Vyumba vingine vizimwe. Hita ikae mita 1 kutoka pazia na matandiko, na ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Wati 2,000 kwenye waya mwembamba wa kuongezea huyeyusha plagi. Ukigusa plagi ukaikuta ya moto, zima.

Kabla ya kufikiria kununua hita yoyote, zibeni. Siku ya upepo, washa ubani wa kijiti, upitishe taratibu kuzunguka fremu za madirisha na milango. Moshi ukilala upande, pana tundu. Ziba kwa ukanda wa sponji wenye gundi, mnene kuliko ufa kwa kiasi kidogo ili mlango ukifungwa uubane. Ukiwa mnene mno, mlango utaanza kusukumwa kwa bega na kitasa kitakufa. Fremu ioshwe kwa sabuni na ikauke kabisa kwanza. Wengi hubandika juu ya vumbi, na wiki ya pili ukanda unaning'inia. Chini ya mlango, mguu wa suruali kuukuu uliojazwa matambara unatosha. Kwa kioo kimoja, bandika nailoni angavu kwenye fremu, si kwenye kioo chenyewe, ili kubaki nafasi ya hewa iliyotulia ya sentimita 1 hadi 2. Hiyo hewa ndiyo inayozuia joto. Mapazia yafungwe jua linapozama, na yafunguliwe upande wa jua asubuhi.

Tundu moja msiliguse: la hewa jikoni kwenye gesi, na la chumba chochote chenye kitu kinachowaka. Na nyumba iliyozibwa hukusanya unyevu. Madirisha yakitoa jasho asubuhi, fungua yote wazi kwa dakika 5 hadi 10 kisha funga. Hewa inabadilika, kuta zinabaki na joto lake. Dirisha lililoachwa nusu kutwa nzima linapoza kuta zenyewe, na ukungu huanzia hapo. Nguo mbichi zianikwe nje au kwenye chumba kimoja chenye dirisha wazi na mlango uliofungwa: kila lita 2 za maji zinazokaukia ndani hunyang'anya joto la uniti 1.4 hivi, halafu maji yenyewe yanakwenda kukaa ukutani.

Mama mkwe ana hoja. Maharagwe ni chakula cha bei nafuu ambacho gesi imekigeuza kuwa ghali, nanyi mkakimbilia vitu vya haraka. Mkirekebisha upishi, bajeti ya chakula itarudi yenyewe kwa sehemu kubwa.

Maji yakishachemka hayapandi joto tena, hata ukiongeza moto. Hubaki nyuzi 100, au karibu 95 kwenye mwinuko wa mita 1,500. Moto wa ziada unatengeneza mvuke tu, na mvuke ni ghali: kupasha lita 1 kutoka nyuzi 20 hadi ichemke huchukua takriban uniti 0.09 za nishati, kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke huchukua 0.63. Karibu mara saba. Sufuria inayotokota bila mfuniko kwa masaa matatu, ikiongezewa maji kila mara, ndipo mtungi wako unapoishia. Kwa hiyo mfuniko uwepo, moto upunguzwe mara tu maji yanapochemka, na ndimi zisipande ubavuni mwa sufuria.

Kwa maharagwe magumu kuna sababu tatu za kukagua. Ya kwanza ni ukongwe: yaliyokaa ghalani mwaka wa pili, hasa kwenye joto na unyevu, hayalainiki hata uyapike hadi kesho. Nunua nusu kilo kwenye gunia jipya, pika, ndipo urudi kuchukua kilo 5. Ya pili ni maji yenye chokaa nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Hapo robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa nusu kilo kinasaidia. Usizidishe, yatakuwa na ladha ya sabuni na utapoteza vitamini B1. Ya tatu, inayowapata wengi, ni kutia nyanya, ndimu au siki mapema. Asidi huyakaza. Subiri yalainike kwanza. Chumvi haina kosa kama inavyosemwa, tena ukiloweka kwa maji lita 2 yenye kijiko 1 cha mezani cha chumvi, maganda hulainika vizuri zaidi.

Loweka nusu kilo kwa masaa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, tia maji mapya lita 1.5. Ukisahau kuloweka usiku, yachemshe dakika 2, zima, yafunike saa 1. Kisha chemsha kwa nguvu. Maharagwe mekundu yachemke kwelikweli dakika 30, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo joto la chini ya mchemko haliiharibu, na chembe chache zilizopikwa nusunusu zinatosha kumtapisha mtu. Aina nyingine dakika 15. Baada ya hapo gesi inazimwa, na sufuria inaingia kwenye kikapu.

Kikapu hicho cha kupikia bila moto kinatengenezwa kwa vitu vilivyomo nyumbani. Chukua boksi au kapu pana kiasi kwamba sufuria ikikaa katikati inabaki nafasi ya sentimita 10 kila upande na chini. Jaza nguo kuukuu, blanketi, magazeti yaliyofinyangwa au nyasi kavu, ukitengeneza kiota cha umbo la sufuria. Juu panahitaji mto mzito wa unene uleule, kwa sababu joto hutorokea juu zaidi ya pengine popote. Weka kitambaa kinene cha pamba mahali kitako kinapokaa, hasa ukitumia sponji, maana sponji huyeyuka. Na tandika nailoni juu ya kijalizo upande wa ndani: mvuke ukiingia kwenye nguo zikalowa, kikapu hakishiki joto tena.

Yanayokiharibu yanajulikana. Sufuria iliyojaa nusu inapoa upesi, ijaze robo tatu. Mfuniko unaocheza unavujisha, tandaza kitambaa safi chini yake kabla ya kufunika kikapu. Kikapu kikae hatua moja kutoka jikoni ili sufuria ihamie ikiwa bado inatokota. Masizi ya kitako yafutwe, kusiwe na cheche. Kisha usifunue kuchungulia. Ukifunua mara moja umepoteza kazi ya saa nzima.

Maharagwe yakae humo masaa 3 hadi 4, yatolewe, yachemke tena dakika 10, ndipo viungo na nyanya viingie. Motoni yamekaa dakika 40 badala ya 180. Wali ni vikombe 2 vya mchele kwa vikombe 3 vya maji, maana hakuna mvuke unaopotea. Uchemke dakika 5, ukae kikapuni dakika 45. Dengu zilizopasuliwa ni dakika 5 na saa 1. Nyama ya mchuzi, vipande vya sentimita 3, ichemke dakika 20 na ikae masaa 3. Viazi huiva hata ukivisahau kidogo.

Usalama wake ni mmoja: chakula kisikae chini ya nyuzi 60 kwa muda mrefu. Usiache kikapuni usiku kucha. Zaidi ya masaa 4, kitoe na ukichemshe. Wali ndio hatari zaidi, kwa kuwa bakteria wake huhimili mchemko wa kwanza, na sumu wanayoiacha haiondoki kwa kupasha moto tena. Mabaki ya wali yasambazwe kwenye sahani pana, yaingie friji ndani ya masaa 2, yaliwe kesho yake.

Kama mna sufuria ya presha, hiyo inakishinda kikapu kwa maharagwe: yakiwa yamelowekwa, dakika 15 tangu ianze kupiga mluzi huwa zinatosha. Usiijaze zaidi ya nusu, tia kijiko cha chai cha mafuta povu lisizibe tundu, na mpira wake ukichakaa badilisha. Kama hamna, msikope kwa ajili yake.

Upande wa ununuzi ni mfupi. Linganisha bei kwa kilo, na kwa vyakula vya kujenga mwili linganisha kwa protini. Kilo 1 ya maharagwe makavu ina gramu 210 hivi za protini, yai moja lina 6, kwa hiyo kilo hiyo ni sawa na mayai 35. Chukua bei ya mayai 35 huko mnakonunua, uiweke kando ya bei ya kilo ya maharagwe. Kilo hiyohiyo ikipikwa inakuwa zaidi ya kilo 2, na mnaweza kugawa, kugandisha kwenye mifuko iliyolazwa bapa ya unene wa sentimita 2 au 3, na kuyeyushia ndani ya friji. Hicho ndicho chakula chenu cha haraka. Nunueni kwa wingi vikavu tu: nafaka, dengu, maharagwe. Unga na nafaka zikae siku 4 kwenye friza ya nyuzi −18 kabla ya kuingia kwenye chombo kisichopitisha hewa, wadudu na mayai yao wafe. Mkate uende friza, si friji, kwa sababu friji huuchakaza haraka. Viazi gizani, mbali na vitunguu.

Sahani ya mtoto wa miaka 2 isiguswe katika kubana huku. Maziwa, yai na mafuta vyake vibaki. Maharagwe yake yapondwe.

Kama kuna pesa ya vitu viwili tu mwezi huu, nunua kipimajoto cha chumba na ukanda wa sponji wa kutosha chumba cha mama mkwe. Soma mita saa 4 usiku na saa 12 asubuhi kwa siku 3 kabla ya kubadilisha lolote, kisha siku 3 baada ya kuziba, siku za baridi inayofanana. Friji imo katika namba hizo zote mbili, kwa hiyo tofauti mtakayoiona inatokana na hita. Ikiwa ni ndogo sana, huenda bado kuna tundu hamjaliona, na mara nyingi liko juu: mlango wa dari, au pale bomba linapopenya ukutani.